Mwaka Ambao Aikande Hakulia

Yakobo alianguka asubuhi, juu ya tuta la jaruba, akiwa njiani kwenda kumwombea mgonjwa ng'ambo ya mfereji. Watu waliokuwa wakipalilia mpunga walimwona anasimama, anajishika kichwa, kisha anakaa chini taratibu kama mtu aliyechoka. Walipomfikia hakuweza kuongea. Akalazwa hospitali ya Mawenzi, mjini Moshi, na kabla ya wiki kwisha akafariki.

Muuguzi alipomwita Aikande pembeni na kumwambia, Aikande aliuliza viatu vya mume wake viko wapi. Akaletewa, bado vina tope la majaruba ya kwao Mabogini. Akavipokea, akasema asante, akatoka nje kumpigia simu binti yake, Kindness, aliyekuwa Dodoma. Alimweleza kwa sauti ile ile ambayo angeitumia kumwambia kwamba mvua imenyesha. Kindness alipopiga ukunga, Aikande aliisogeza simu mbali kidogo na sikio, akasubiri amalize.

Wote waliomjua walishangaa, kwa sababu Aikande alikuwa mwepesi wa machozi. Alilia kwenye harusi za watu asiowajua, na siku moja alimlilia ng'ombe wa jirani aliyekufa akizaa. Yakobo alizoea kumtania kwamba Mungu alimpa kisima machoni. Sasa kisima kimekauka siku ambayo maji yalihitajika, na yeye mwenyewe hakujua afanye nini.

Alizaliwa Kidia, Old Moshi, kwenye kihamba cha baba yake, shamba la ukoo, katikati ya migomba na kahawa. Walikuwa Walutheri tangu enzi za babu. Alipokuwa msichana alishuka mjini kujifunza kushona kwa fundi mmoja karibu na soko, na ndipo siku moja akaingia kijana mrefu, mweusi tii, mwenye Kiswahili cha kanda ya ziwa, mkononi ameshika suruali iliyotoboka magotini.

"Unafanya kazi gani inayotoboa suruali hivi?" Aikande alimuuliza.

"Kupiga magoti," akajibu yule kijana, na hakucheka.

Huyo ndiye alikuwa Yakobo. Alitoka Shirati, kule Mara, kwa watu wa Kanisa la Mennonite, na kanisa lake lilikuwa limemtuma Moshi kuwakusanya watu wa kwao waliokuja kutafuta kazi viwandani na kwenye mashamba ya miwa na mpunga. Huku mlimani hakuna aliyewahi kulisikia jina la kanisa hilo. Baba yake Aikande alipoambiwa habari za uchumba aliuliza, "Hao ni watu wa dini gani? Wanabatiza? Wanazika?" Akaambiwa wanabatiza na wanazika, na tena wanaoshana miguu kanisani. Mzee akatikisa kichwa. Alikataa mwaka mzima. Mwisho Yakobo akapanda Kidia akiwa ameshika jani la isale mkononi, kama Wachagga wanavyofanya mtu anapokuja kuomba radhi, na badala ya mbege, pombe ya ndizi ambayo imani yake haikumruhusu kuigusa, alibeba maziwa. Mzee aliyatazama yale maziwa, akalitazama jani, akasema, "Huyu hata kukosea anakosea kwa heshima." Ndoa ikafungwa.

Wakashuka Mabogini, kwenye majaruba ya mpunga chini ya mji. Walianza ibada chini ya turubai, wakaja wakajenga kibanda cha miti na udongo, na baada ya miaka mingi kanisa dogo la matofali lenye bati. Aikande alilima mpunga, akashona sare za shule, akafundisha kwaya. Hakuwahi kusema kwamba ana wito. Wito ulikuwa wa Yakobo. Yeye aliufuata kama mtu anavyomfuata mume aliyehamishwa kikazi.

Wito wenyewe Yakobo aliunyonya kwa mama yake. Nyumbani kwao Shirati uamsho ulisimuliwa kama watu wengine wanavyosimulia vita. Wamisionari Wazungu walikuwa wamekaa miaka kadhaa tu, wakihubiri na kutibu watu, na kanisa lilikuwa limepoa kabla hata halijapata moto. Kisha, wakati dunia ikiwa kwenye vita kuu ya pili, jambo likawashukia. Watu walilia kanisani, wakatubu hadharani, wakatembea kijiji kwa kijiji wakirudisha majembe na mbuzi wa wizi. Mwafrika na Mzungu walipiga magoti pamoja wakaombana msamaha. Yakobo hakuwa amezaliwa, lakini alisimulia kama aliyekuwepo. Maisha yake yote Mabogini alikuwa akiungoja moto huo. Ulikuja vicheche vicheche, mara mlevi mmoja ameacha pombe, mara mume amemrudia mke. Yeye alisema, "Bado. Unakuja."

Alizikwa Shirati, kama ukoo ulivyotaka. Watu wa ushirika wa uamsho, wazee kwa vijana, waliimba mchana kutwa. Wanawake walimshika Aikande mikono wakitazama uso wake, wakisubiri. Aliona midomo yao inavyofunguka na kufungika. Aliona pia kwamba kamba ya turubai moja ilikuwa imelegea na upande ule utawamwagia watu maji kama mvua ikinyesha, akamwita mtu akaikaza.

Baada ya matanga, mama mkwe wake, Tabitha, alisema neno ambalo hakuna aliyelitarajia. Alikuwa na umri unaokaribia miaka tisini, macho yameingia ukungu, anatembea na fimbo. Wana wengine walikuwepo, na nyumba yake ilikuwepo. Akasema, "Mimi nakwenda na nyar Moshi." Hivyo ndivyo alivyomwita mkwewe siku zote, binti wa Moshi.

"Mama, Moshi utafanya nini?" wakamuuliza.

"Mwanangu alikaa huko kuliko alivyokaa kwangu. Nataka nikae alipokuwa anakaa."

Aikande hakupinga. Hakufurahi wala hakuchukia. Alimtafutia siti ya mbele kwenye basi, akamfunika kanga.

Wakawa wajane wawili ndani ya nyumba moja, mmoja Mjaluo, mwingine Mchagga, lugha yao Kiswahili tu. Tabitha alilalamikia chakula. Mtori wa ndizi aliuonja akasema hiki ni chakula cha mzazi, yeye hajajifungua. Alitaka samaki na ugali wa mtama. Aikande akawa anatafuta mtama sokoni. Asubuhi alimwogesha, akamketisha nje jua linapopiga, akaenda shambani. Jumapili alifungua kanisa, akafagia, akapanga mabenchi. Mambo yalikwenda. Usiku alilala vizuri, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi kuliko yote.

Kaka yake, Elisifa, alishuka kutoka Kidia kumwona. Alikuwa ameleta mkungu wa ndizi na maneno aliyoyapanga njiani.

"Dada, panda nyumbani. Sehemu yako kwenye kihamba ipo, baba aliisema mwenyewe. Huku chini joto, mbu, na kanisa la watu wa mbali. Aliyekuleta huku hayupo tena."

"Nimesikia."

"Umesikia, au unakuja?"

"Nimesikia, kaka. Acha nifikirie."

Lakini hakufikiria. Kila alipojaribu kulifikiria jambo hilo aliona kama anatazama ukuta uliopakwa chokaa. Elisifa akaondoka akiwa amenuna, na mama mkwe akaanza kuulizia kama ule mkungu kuna wa kuula.

Kanisa lilimtuma mwinjilisti kijana, Shedrack, kushika nafasi ya Yakobo kwa muda. Alikuwa na bidii na sauti nzuri, na alimheshimu Aikande kupita kiasi. Mwaka ulipokaribia kutimia tangu msiba, Shedrack akaandaa mkutano wa uamsho. Alimfuata Aikande nyumbani, akamkuta anapepeta mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwinjilisti. Vuta kigoda."

"Mama, tumeomba, na tumeona wewe ndiye utoe ushuhuda siku ya Jumapili ya kufunga. Watu hawajakusikia tangu baba alale. Wewe ukifunguka, na wao watafunguka. Najua uchungu umekufunga. Siku hiyo utafunguliwa."

"Na kama sina la kusema?"

Shedrack akatabasamu. "Roho atakupa."

Alipoondoka, Tabitha, aliyekuwa amekaa kwenye jua na kudhaniwa amesinzia, alisema, "Anataka ulie."

"Ndiyo, mama."

"Utalia?"

"Siwezi. Nimejaribu. Sisikii kitu. Siku ile hospitali nilidhani ni mshtuko, utapita. Haujapita."

Yule bibi akapapasa fimbo yake. Kisha akasema, "Mama yangu naye hakulia."

"Lini?"

"Uamsho ulipokuja Shirati. Mimi nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka. Kila mtu alilia. Baba yangu alianguka chini kanisani. Mama yangu alisimama pale akiwatazama. Wiki nzima watu walikuwa wanatubu, na yeye anawapikia. Wakaanza kumjia nyumbani. Ndugu, tubu. Ndugu, usiufanye moyo mgumu. Mwisho akachoka, akasimama kanisani akasema aliiba kuku wa jirani."

"Alikuwa ameiba kweli?"

"Aibe wapi! Alikuwa na kuku wengi kuliko jirani. Lakini akishasema ameiba, lazima arudishe. Basi akakamata kuku wake mwenyewe, jogoo mzuri mwekundu, akampelekea yule jirani. Na yule jirani akampokea! Akamla!" Tabitha akacheka mpaka akakohoa. "Watu wakaimba, wakamkumbatia. Akaingia kwenye ushirika."

Aikande aliacha kupepeta. "Baadaye alipata amani?"

"Sijui. Hakuniambia. Aliniambia habari za kuku tu, nilipokwisha kuolewa."

"Yakobo alijua?"

"Kuna haja gani mtoto ajue hayo?"

Akageuza uso kulifuata jua. Wala hakumshauri afanye nini.

Jumapili ikafika. Kanisa lilijaa, wengine wakasimama madirishani. Shedrack alihubiri vizuri. Watu kadhaa walikuja mbele, wengine wakilia. Kisha akamwita Aikande, na kwaya ikashusha sauti ikawa inaimba chini chini, kama ilivyopangwa.

Aikande alisimama mbele. Alimwona Violet, jirani yake wa shamba, mwanamke mwenye ulimi mkali na moyo wa kusaidia, ambaye kila mtu alijua pampu yake ya kumwagilia iliibwa msimu uliopita. Violet tayari alikuwa ameshika leso. Aikande aliwaza kwamba ingekuwa rahisi. Angefunika uso kwa kanga tu na kutikisa mabega.

"Bwana asifiwe," akasema.

"Amina!"

"Mwinjilisti ameniomba nishuhudie. Mimi sina ushuhuda. Mume wangu alikufa na mimi sijalia. Sijamkasirikia Mungu. Sijamshukuru pia. Nikiomba, naona naongea na bati. Nakuja hapa kwa sababu ni Jumapili na ufunguo ninao mimi. Msinisubiri nilie. Siku nikilia, mtaniona. Nimemaliza."

Akarudi kukaa. Kwaya ilinyamaza katikati ya ubeti. Mzee mmoja wa kanisa aliinuka akatoka nje, na mke wake akamfuata. Shedrack alishika kipaza sauti, akakiachia. Alisogea kutaka kumwekea Aikande mikono kichwani, naye akamwambia polepole, "Hapana, mwanangu. Endelea na ibada."

Baada ya meza ya Bwana walioshana miguu, wanawake upande wao na wanaume upande wao, kama ilivyo desturi ya Wamennonite. Aikande alipangwa na Violet. Akaipokea miguu yake kwenye beseni, visigino vimepasuka kwa maji ya majaruba. Aliiosha, akaikausha kwa taulo kati ya vidole. Maji yalikuwa ya baridi. Hilo alilisikia.

"Umetuaibisha," Violet alimnong'oneza. "Mbele ya wageni."

"Pole."

"Usiniambie pole. Mimi nimelia juzi na jana kwa ajili yako."

"Nimekuona. Asante."

Violet akaondoa miguu kwenye taulo. Walikumbatiana kama utaratibu unavyotaka, vifua vikiwa vimeachana.

Maneno yakasambaa Mabogini. Wapo waliosema mjane wa Yakobo ameacha wokovu. Elisifa alipata habari hizo huko juu, akapiga simu: "Sasa unasubiri nini huko?" Shedrack hakuonekana nyumbani kwa Aikande kwa wiki kadhaa. Kisha akaja, akaketi, akanywa chai, akasema amehamishiwa Arusha.

"Ni kwa sababu yangu?"

"Hapana, mama. Nilikuwa wa muda tangu mwanzo." Alizungusha kikombe mkononi. "Mwingine hajapatikana. Wazee wamenituma nikuombe ushike ibada za Jumapili. Kwaya unaijua, vitabu unavijua."

"Na yale niliyosema mbele yao?"

"Tuliyajadili. Mmoja alisema hapana, wengine wakasema, angalau huyu hatatudanganya."

Tabitha akadakia kutoka kitini kwake, "Mwambie ndiyo, nyar Moshi. Mimi miguu yangu haiwezi kwenda kanisa la mbali."

Aikande akasema ndiyo. Hakuona nuru yoyote wala kusikia sauti. Alipompigia Elisifa kumwambia, alisema tu, "Ile sehemu yangu ya kihamba mwachie mwanao apande kahawa. Mimi nitakuwa nakuja kutembea."

"Kwa hiyo umechagua hao."

"Sijui kama nimechagua, kaka. Nipo."

Akaanza hivyo. Hakuhubiri, alisoma Neno, akawaachia watu waimbe, akawauliza nani ana jambo. Alipoomba alitumia maneno ya Yakobo, kwa kuwa yake hayakuwepo. Baadhi ya watu waliacha kuja, akiwemo yule mzee aliyetoka nje. Waliobaki walianza kuongea. Sio kwa kupiga kelele. Mwanamke mmoja alisimama akasema mimba yake imetoka na anaona uvivu hata kupika, akakaa. Hakuna aliyemkemea.

Basi, Jumapili moja wakati wa kuvuna, katikati ya wimbo, mlango ulisukumwa na toroli. Nyuma yake alikuwa Fredy, mwanaume wa makamo aliyejulikana zaidi vilabuni kuliko shambani. Hakuwa amelewa. Juu ya toroli kulikuwa na pampu ya maji, imefunikwa gunia.

Wimbo ukakatika. Fredy akalisukuma toroli mpaka mbele, akasimama mikono ikining'inia.

"Ni ya mama Violet," akasema. "Niliichukua mimi. Nilishindwa kuiuza, kila mtu aliijua. Niliificha kwenye migomba. Silali. Kila nikipita hapa nasikia mnaimba, nikilala nasikia mnaimba." Akaanza kulia, kilio cha mwanaume asiyezoea, chenye kukwama na kukohoa.

Violet alinyanyuka kwenye benchi lake. Alikwenda moja kwa moja akamchapa kofi zito la shavu, kanisa zima likasikia. Kisha akabaki ameinua mkono, hajui aushushe wapi, na ghafla akamkumbatia yule mwizi wake shingoni, wote wawili wakishuka mpaka sakafuni.

Baada ya hapo hakuna aliyeongoza chochote. Mzee wa kanisa aliyekuwa mbele alipiga magoti. Mume na mke waliokuwa hawaongei walihama mabenchi yao wakaketi pamoja. Kijana mmoja alitoka mbio akarudi na nyavu za watu alizokuwa ameiba. Wengine walilia, wengine waliimba, na jua likapanda mpaka mchana bila mtu kwenda nyumbani.

Tabitha alikuwa kwenye kiti chake karibu na ukuta, uso ameuinua, macho yake ya ukungu hayaoni kitu. "Ndivyo," akawa anasema. "Ndivyo ulivyokuwa. Ndivyo hivi."

Aikande alisimama pembeni ya meza ya Bwana akiwatazama. Alijua anachokitazama. Alikuwa amesimuliwa maisha yake yote ya ndoa. Akasubiri kifuani mwake, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya jirani na kutega sikio. Hakuna aliyeitikia. Ila kitu kimoja kilipita, kidogo, chenye ncha: alimkasirikia Yakobo. Angengoja kidogo tu. Mtu aliyesema "bado, unakuja" kwa miaka yote hiyo, akashindwa kungoja msimu mmoja zaidi wa mpunga.

Alikishika kile kihasira kwa muda ule kilipokuwepo. Halafu kikapoa, na akaona watu wana kiu, hasa watoto na wazee, na Fredy ambaye sauti ilikuwa imemkauka. Akashuka, akawaita wanawake wawili wamsaidie kuwasha moto nyuma ya kanisa, akabandika sufuria kubwa la chai.